Kutafuta Hitilafu za Fowili: Mwongozo kwa Mafundi na Madereva wa Land Cruiser

Mwongozo huu ni wa fundi anayepokea gari lenye lalamiko moja: fowili haifanyi kazi. Ni wa dereva pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu huwa kwake hata kabla gari halijafika gereji. Gari la mfano ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, lililoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambalo hadi leo hubeba wagonjwa kutoka zahanati za vijijini, watalii wa Serengeti na Maasai Mara, na watoa misaada huko Goma na Bukavu. Magari mengine yametajwa pale yanapotofautiana nalo.

Gari la namna hii likikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, haumii mwenye gari peke yake. Mama mjamzito aliyelazwa nyuma anaumia zaidi. Ndiyo maana kazi hii haifai kufanywa kwa kubahatisha, kwa kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka fedha ya mteja iishe. Ina utaratibu wake, na utaratibu huo hauhitaji mitambo ya gharama: jeki na stendi, chaki, futikamba, mita ya umeme na msaidizi mmoja vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

1. KANUNI YA MSINGI

Fowili huthibitishwa kwenye gurudumu. Leva inaweza kuwa imeingia H4, taa ya dashibodi ikawa inawaka, na bado magurudumu ya mbele yakawa yanasukumwa tu na yale ya nyuma. Taa hiyo huwashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye transfa, ambayo hubonyezwa pale chuma cha kuchagulia gia kinaposogea. Kwa hiyo taa inatueleza habari za transfa, basi. Haijui kama habu zimefunga, wala haijui kama shafti ya ekseli imekatika.

Na kinyume chake hutokea. Waya wa swichi ukikatwa na jiwe, taa haitawaka ingawa fowili ni nzima. Fundi anayeteremsha transfa kwa ushahidi wa taa peke yake anaweza kumtoza mteja kazi ya siku nzima kwa ubovu wa swichi au waya. Pima kwanza, thibitisha kwenye gurudumu, kisha ndipo ushike spana.

2. NJIA YA NGUVU

Fundi asiyeweza kuitaja njia ya nguvu kutoka injini hadi tairi hawezi kujua imekatikia wapi. Katika Land Cruiser ya mfululizo wa 70 nguvu hutoka kwenye injini, ikapita klachi na giaboksi, ikafika kwenye transfa. Leva ikiwa H2, transfa huipeleka kwenye propela ya nyuma tu. Ikiwekwa H4, pete yenye meno ndani ya transfa huteleza na kuifunga propela ya mbele pamoja na ya nyuma. Ikiwekwa L4, propela zote mbili hubaki zimefungwa, na gia ndogo huingia ili mwendo upungue na nguvu iongezeke.

Kwa upande wa mbele nguvu hutoka propela hadi difu, ikagawanywa kwa shafti mbili za ekseli, ikapita jointi iliyo ndani ya kifundo cha usukani, ikaishia kwenye habu. Magari mengi ya mfululizo huu yana habu za kufungwa kwa mkono, zenye alama za FREE na LOCK. Habu ikiwa FREE, gurudumu huzunguka peke yake na shafti hutulia. Ikiwa LOCK, gurudumu na shafti huwa kitu kimoja.

Mifumo mingine ina tofauti muhimu. Land Rover Defender na Prado nyingi huendeshwa kwa magurudumu yote manne wakati wote, na zina difu ya katikati inayoweza kufungwa. Hilux nyingi hazina habu za mkono. Ekseli ya mbele huungwa na kifaa kinachosukumwa kwa vakyumu au mota ya umeme. Subaru Forester na RAV4 hutumia klachi au kiunganishi maalumu kinachogawa nguvu chenyewe. Kabla ya kuanza kazi, jua ni mfumo gani ulio mbele yako. Kipimo kinachofaa kwa mmoja kinaweza kuharibu mwingine.

3. MAMBO YASIYO HITILAFU

Magari mengi hufunguliwa bure kwa sababu dereva ameeleza jambo la kawaida kama ubovu, na fundi akalipokea hivyo hivyo.

Kubanwa kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika H4 propela mbili zimefungwa pamoja na hakuna difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Kwenye tope au mchanga tairi huteleza kidogo, tofauti ikaisha. Kwenye lami kavu halitelezi, hivyo msokoto hujilimbikiza katika shafti na gia: usukani huwa mzito, gari huenda kwa shida, na leva hukataa kurudi H2. Rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, kisha irudishe leva taratibu. Usiipige teke. Mwelekeze dereva kwamba H4 na L4 ni za ardhi inayoteleza.

Magurudumu ya mshazari kuning'inia. Gari likipita kwenye shimo, gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yanaweza kukosa ardhi kwa pamoja. Difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu zaidi ya ile inayopokelewa na lililo hewani. Hivyo mawili yaliyo hewani yatazunguka, mawili yaliyo chini yatatulia, na gari halitasogea. Dereva atasema fowili imekufa, kumbe ni nzima. Gari hilo linahitaji loki za difu, au mawe chini ya matairi, au dereva wa kulipanga vizuri kabla ya kuingia shimoni.

Loki ya difu kuchelewa. Kwenye magari yenye loki, taa yake inaweza kumeta kwa muda baada ya swichi kuzungushwa. Meno ya loki hayaingii mpaka yakutane sawasawa. Dereva asogeze gari polepole huku akigeuza usukani kidogo kushoto na kulia. Taa ikiendelea kumeta baada ya hapo, sasa ni hitilafu.

4. USALAMA

Vipimo vya fowili hufanywa chini ya gari, na gari lenye transfa lina hatari yake ya pekee: leva ya transfa ikiwa katikati, hata ukiweka gia ya kwanza au P, magurudumu hayashikwi. Kwa hiyo:

a) Weka gari kwenye sakafu tambarare na uweke kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu lililobaki chini.

b) Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Stendi mbili ndizo zinazobeba uzito.

c) Usiwashe injini na kuingiza gia wakati gurudumu moja au mawili yameinuliwa na fowili imeingia. Magurudumu yaliyo chini yatavuta, na gari litaruka kutoka kwenye stendi. Hatari ni hiyo hiyo kwa gari lenye difu ya nyuma ya kujibana yenyewe.

d) Magari ya magurudumu manne wakati wote, pamoja na Subaru na RAV4 za fowili, yasivutwe wala kupimwa kwa mashine ya breki ekseli moja ikiwa juu na nyingine ikizunguka, isipokuwa kitabu cha gari kimeruhusu na kueleza namna.

5. MAHOJIANO NA DEREVA

Kaa na dereva dakika chache kabla ya kufungua boneti. Muulize kwa upole na uandike majibu kwenye kadi ya kazi. Dereva anayedhani analaumiwa ataficha jambo lililo muhimu kuliko yote.

Tatizo lilianza lini, na kabla yake kulifanyika nini? Majibu yanayofungua njia ni haya: tairi jipya limefungwa, gari limevuka mto, difu ya mtumba imewekwa, klachi imeteremshwa, gari limegonga jiwe.

Lilikuwa juu ya ardhi gani? Lami, changarawe, mchanga au tope?

Habu zilikuwa zimefungwa, zote mbili? Ni dereva mwenyewe aliyeshuka kuzifunga, au alimtuma mtu?

Taa iliwaka, ilimeta au haikuwaka kabisa? Kulikuwa na sauti, na ilikuja wakati wa kuondoka, wa kukata kona, au wa kuteremka mlima?

Mara ya mwisho kutumia fowili ilikuwa lini? Mfumo uliokaa kiangazi chote bila kuguswa mara nyingi umeganda tu, haujavunjika.

6. UKAGUZI WA NJE

Matairi. Soma vipimo vya matairi yote manne. Tairi la 235/85R16 lina kimo cha milimita 806 hivi, na la 265/70R16 milimita 777. Kwa mzunguko mmoja la kwanza husafiri mita 2.53 na la pili mita 2.44. Katika kilomita moja, hilo dogo huzunguka karibu mara 15 zaidi. Ukiwa na makubwa mbele na madogo nyuma, transfa iliyo katika H4 hulazimishwa kubeba tofauti hiyo hata pale barabara imenyooka. Hata matairi ya kipimo kimoja hutofautiana yakichakaa. Piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali kwa futikamba. Fanya hivyo mbele na nyuma, upepo ukiwa sawa.

Uwiano wa difu. Difu za mtumba huuzwa bila kuangaliwa uwiano wake, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimetoka kiwandani na zaidi ya uwiano mmoja. Difu ya mbele ikitofautiana na ya nyuma, gari litabanwa kila H4 inapoingia na transfa itachakaa mapema. Kipimo chake ni rahisi. Kwa mbele, weka H2, funga habu zote mbili, inua gurudumu moja, lingine libaki chini. Zungusha lililoinuliwa mara 20 huku msaidizi akihesabu mizunguko ya propela. Kwa nyuma, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, weka giaboksi huru, legeza breki ya mkono, inua gurudumu moja na uhesabu vivyo hivyo. Mizunguko 41 ni difu ya uwiano wa 4.1, na 39 ni ya 3.9. Namba za mbele na nyuma zisipolingana, umeshapata ubovu bila kufungua nati.

Oili. Kagua giaboksi, transfa na difu zote mbili. Siku zote fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kabla ya kujua kama nati ya juu inafunguka, unaweza kubaki na difu kavu na gari lisiloweza kuondoka. Oili ifike kwenye mdomo wa chini wa tundu la kujazia. Tope laini la chuma kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi iliyovunjika. Oili ya rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

Maji yakionekana, usiishie kubadilisha oili. Tafuta yalikopitia. Difu iliyopata moto barabarani ikitumbukizwa mtoni hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani hupungua, na bomba la kupumulia likiwa limeziba au limechomoka, maji huvutwa kupitia sili au tundu hilo hilo.

Oili ya giaboksi na ya transfa zilinganishwe pamoja. Giaboksi ikiwa imepungua na transfa imejaa kupita kiasi, au kinyume chake, sili iliyo kati yake imechoka na oili inahama. Nje hutaona hata tone.

7. KIPIMO CHA JEKI

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu. Hutenganisha transfa, habu na shafti bila kufungua chochote. Zima injini. Weka kabari kwa magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele yote na uiweke juu ya stendi. Funga habu zote mbili kwa LOCK. Loki ya difu ya mbele, kama ipo, iwe imezimwa.

Hatua ya kwanza: transfa. Weka H4. Shika propela ya mbele kwa mikono miwili ujaribu kuizungusha. Isogee kidogo tu, kwa nafasi iliyo kati ya meno, kisha igome. Ikigoma, transfa imefunga. Ikizunguka, transfa haikufunga, hata kama taa inawaka. Nenda sehemu ya 8.

Hatua ya pili: habu na shafti. Ukiwa bado katika H4 na propela imegoma, zungusha gurudumu la kushoto mbele. La kulia linapaswa kuzunguka kinyume chake. Likifanya hivyo, habu zote mbili, shafti zote mbili na difu vinaunganika, na fowili ni nzima. Gurudumu la kushoto likizunguka peke yake huku la kulia limetulia na propela imetulia, kuna mahali upande mmoja pamekatika.

Hatua ya tatu: upande gani. Rudisha leva H2. Zungusha gurudumu la kushoto habu ikiwa FREE, kisha ikiwa LOCK. Katika FREE linapaswa kuwa jepesi, likisikika kwa beringi tu. Katika LOCK liwe zito kidogo, na usikie gia za difu zikizunguka. Fanya hivyo kulia. Upande usioonyesha tofauti yoyote kati ya FREE na LOCK ndio wa kufungua.

Hatua ya nne: habu au shafti. Toa kifuniko cha habu upande unaoushuku ili uone ncha ya shafti. Msaidizi alishike gurudumu la upande wa pili, habu yake ikiwa LOCK. Zungusha propela kwa mkono. Ncha ya shafti ikizunguka, shafti ni nzima na ubovu uko kwenye habu. Propela ikizunguka na ncha ikatulia, shafti au jointi imekatika, na kifundo chote kifunguliwe.

Habu nyingi zinazoshindwa kufunga hazijavunjika. Zimejaa tope, maji au grisi iliyogeuka gamu. Zioshe, zikaushe, kagua springi na klipu ya kwenye ncha ya shafti, kisha paka grisi kidogo. Grisi nyingi ndani ya habu ni kosa linalorudiwa na mafundi wengi: huzuia sehemu inayoteleza isifike mwisho, na habu inayozungushwa hadi LOCK hubaki imefunga nusu. Habu ya namna hiyo itashika kwenye kipimo cha mkono na kuruka meno kwenye tope.

8. TRANSFA NA LEVA

Propela ya mbele ikizunguka huku leva iko H4, usikimbilie kuteremsha transfa. Anza juu ushuke.

Ondoa mazulia na kifuniko cha mpira kwenye shina la leva. Mpira mnene uliofungwa vibaya unaweza kuizuia leva isifike mwisho wa safari yake. Kisha kagua viungo na bushi za leva: zikichakaa, mkono wa dereva husogea lakini chuma cha transfa hakisogei vya kutosha. Kagua mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Ikikatika, giaboksi hulala au kusogea na leva hupoteza nafasi yake.

Pale ambapo leva imeungwa na transfa kwa fimbo, ichomoe fimbo hiyo na usogeze chuma cha transfa kwa mkono. Kikifika mwisho na propela ikagoma, ubovu uko nje. Kikikataa, au kikafika na propela ikaendelea kuzunguka, ubovu uko ndani: uma wa gia umechakaa au umepinda, au pete yenye meno imelika. Hapo ndipo kuteremsha transfa kunapostahili.

Transfa inayoruka kutoka L4 ichukuliwe kuwa hitilafu ya kusimamisha gari. Dereva anayeteremka kuelekea bonde la Ngorongoro kwa kutegemea injini imshikilie, leva ikaruka katikati, hubaki na breki za mguu peke yake juu ya mteremko mrefu. Gari la aina hiyo lisiruhusiwe kutoka kwa ahadi ya kwenda taratibu. Kagua mipira ya giaboksi, springi na gololi inayoshikilia gia mahali pake, na ncha za meno ya pete. Meno yaliyolika yakawa mviringo hayawezi kushika, hata springi zikiwa mpya.

9. VAKYUMU NA UMEME

Sehemu hii inahusu Hilux zenye kifaa cha kuunga ekseli, Suzuki Jimny zenye habu za vakyumu, Mitsubishi Pajero, na Land Cruiser zenye loki za difu za umeme.

Kwa vakyumu, anzia kwenye chanzo. Gari la petroli huipata kutoka kwenye manifoldi ya injini, na la dizeli kutoka kwenye pampu. Vakyumu hiyo hiyo ndiyo inayosaidia breki. Pedali ya breki ikiwa imekuwa ngumu siku zile zile fowili ilipogoma, pampu ama mpira mkuu ndio wa kuangaliwa mwanzo. Breki zikiwa sawa, chomoa mpira kwenye valvu ya solenoidi, injini ikiwa inanguruma, na uzibe kwa kidole. Uvutaji ukisikika, chanzo ni kizima. Fuata mpira kwa mpira hadi kwenye ekseli. Mipira iliyopasuka huonekana zaidi karibu na injini, ambako joto huikausha, na juu ya ekseli, ambako husuguliwa na mawe. Mwisho pima diaframu: ivute kwa pampu ya mkono na uangalie kama uvutaji unabaki. Ukishuka mara moja, diaframu imetoboka.

Kwa umeme, fuata mpangilio huu: fyuzi, swichi, soketi, ethi, kisha kifaa chenyewe. Fyuzi isiangaliwe kwa macho tu. Ipime kwa mita. Soketi zilizo juu ya difu na transfa hupigwa na maji kila gari linapovuka mto, na pini zake huota kutu ya kijani. Kwa gari la volti 12, chomoa soketi, agiza msaidizi aingize fowili, na upime. Volti zikifika na ethi ni nzuri lakini kifaa hakisogei, kifaa ni kibovu. Volti zisipofika, kifaa hakina kosa, na kukinunua kipya ni kutupa fedha.

Mashine ya kusoma kodi ni msaada mkubwa kwa magari mapya, ila kodi inayotaja mota ya transfa inamaanisha kompyuta haikupata ishara iliyoitarajia kutoka njia hiyo. Ubovu unaweza kuwa waya, soketi, swichi ya nafasi au mota. Andika kodi, ifute, rudia jaribio, na ufuatilie ile inayorudi.

10. SAUTI NA DALILI

Mlio wa kugongagonga gari likikata kona habu zikiwa zimefungwa: jointi ya ekseli ya mbele. Fungua habu zote mbili, weka H2, rudia kona. Mlio ukiisha, umethibitisha.

Mlio mmoja wa kugonga wakati wa kuondoka au kubadili gia: krosi ya propela, au sehemu ya propela inayoteleza, au nafasi kubwa ndani ya difu. Shika propela uitikise kwa pande zote, gari likiwa limezimwa na kuwekewa kabari.

Mvumo unaobadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia: pinioni na krauni ya difu. Mvumo usiojali mafuta lakini ukibadilika unapopinda usukani: beringi ya gurudumu.

Mtikisiko kwa mwendo fulani baada ya propela kufunguliwa: nusu mbili za propela hazikurudishwa kwenye alama zake. Piga alama ya rangi kabla ya kufungua, kila mara.

Gurudumu linalocheza. Liinue, lishike juu na chini, litikise, kisha msaidizi akanyage breki. Likitulia, beringi ya gurudumu imelegea. Likiendelea kucheza, ni beringi za kifundo cha usukani.

Dalili moja ya Land Cruiser inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa hupuuzwa mpaka iwe ghali. Pita nyuma ya gurudumu la mbele na upangushe kifundo cha usukani kwa kitambaa safi. Grisi ya ndani inapaswa kuwa nzito. Ukikuta majimaji meusi yanayochuruzika, yenye harufu kali ya oili ya difu, sili ya ndani ya ekseli imechoka. Oili inatoka kwenye difu, inaiyeyusha grisi ya jointi, na yote inashuka kuelekea kwenye rimu na breki. Hapo kuna hasara tatu kwa pamoja: difu inakauka, jointi inakosa grisi, breki zinapoteza mshiko. Sili ile ni ya bei ndogo. Jointi na difu si za bei ndogo. Ukibadilisha sili, osha kifundo chote, kagua jointi na beringi, na ujaze grisi mpya. Kupangusa nje na kumrudishia mteja gari ni kumdanganya.

11. BAADA YA MATENGENEZO

Rudia kipimo cha jeki kabla ya kushusha gari. Kisha lipeleke kwenye changarawe au mchanga, wala si lami, ulijaribu H4 na L4 kwenda mbele, kurudi nyuma na kukata kona. Simama, rudisha H2, hakikisha leva inatoka bila kulazimishwa. Baada ya mwendo mfupi, gusa habu na kifuniko cha difu kwa tahadhari. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, kuna kitu kinabana.

Mkabidhi dereva gari na maelekezo pamoja. Kitabu cha Toyota kinashauri gari liendeshwe katika fowili angalau kilomita 16 kila mwezi ili sehemu za mbele zipate oili. Kwa Land Cruiser yenye habu za mkono, afanye hivyo kwenye barabara ya vumbi, habu zote mbili zikiwa LOCK. Dereva wa gari la wagonjwa azijaribu habu zake kiangazi, mchana, akiwa nyumbani, na kila avukapo mto wenye maji ya kufika kwenye ekseli, aombe oili ya difu ikaguliwe.

Kadi ya kazi ieleze kilichopimwa na jibu lake, pamoja na kilichobadilishwa. "Propela ya mbele H4: imegoma. Habu ya kulia: hakuna tofauti FREE na LOCK. Imeoshwa, imefunga." Mistari hiyo mitatu inamwezesha fundi atakayefuata kuanzia pale ulipoishia. Inamwezesha mteja kujua amelipia nini. Na hospitali ya wilaya yenye magari kadhaa itaona, baada ya mwaka mmoja, habu hugoma kwenye gari lipi na msimu gani, na itaweza kuzihudumia kabla mvua hazijaanza.